Mpira Unaofuata Sita

Kijana mmoja alipita mikimbio hamsini kwa mipira isiyofika ishirini katika mechi ya kriketi ya vilabu hapa Nairobi, na kabla hajavua pedi alikuwa ameshatawazwa. Aliyeketi kushoto kwangu alisema huyu amempita Steve Tikolo, mpigaji wetu wa Kenya. Aliyekuwa mbele yetu, mtu mzima aliyewahi kucheza ligi, akaitikia kwa kichwa. Sikunyamaza siku ile na sitanyamaza hapa. Kijana ana mabega, ana macho, na akipata mwalimu atafika mbali. Lakini sita zake nyingi alizipata kwa mrushaji wa kujazia ova, aliyemletea mipira ya kiunoni isiyogusa pichi. Kamba ilikuwa imevutwa ndani upande wa legi. Tena aliangushwa mara mbili pale longoni, karibu na kamba nyuma ya mrushaji, mipira ambayo mdakaji wa daraja la kwanza huidaka akiwa anaongea. Kuweka zamu kama hiyo karibu na jina la Tikolo ni kuwakosea heshima waliojenga mchezo huu nchini.

Yale ambayo kila mtu anadai kuyajua nitayapita haraka. Uliza alimpiga nani, kwenye pichi gani, timu ikiwa katika hali gani. Kasi ya mikimbio peke yake haisemi kitu. Tarehe 5 Juni 2024 kule Providence, Guyana, Uganda ilikuwa inafukuza 78 tu dhidi ya Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la ova 20, mpira ukija polepole na kukwama, na Riazat Ali Shah akatumia mipira 56 kupata 33. Ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia ulisimama juu ya 33 zile. Wapenzi wa soka wa Kongo wanalielewa hili vizuri, kuanzia Kinshasa mpaka Kisangani na Bafwasende. Mshambuliaji wao Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974, na manne kati ya hayo aliyafunga dhidi ya Zambia, mawili katika fainali na mawili katika fainali ya marudio. Hayo manne ndiyo yaliyomfanya awe Ndaye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mtazamaji wa kawaida hulikosa kila mara, kwa sababu linatokea wakati yeye bado anapiga makofi. Ni mpira unaofuata sita.

Sita ikishavuka kamba, hupita muda mfupi ambao hakuna anayeangalia uwanja. Mpira unatafutwa nyuma ya magari. Watu wanageukiana, wanapigana viganja, wanashika simu. Katika muda huo huo uwanja unapangwa upya. Nahodha anamtoa mtu wa slipi, anayesimama nyuma ya mpigaji, na kumpeleka longoni. Midofu anarudi nyuma mpaka karibu na kamba. Mrushaji anafuta mpira kwenye suruali, anasema neno moja na nahodha, anarudi kwenye alama yake akiwa na mpango. Ataufupisha, au ataupunguzia mwendo, au ataupeleka nje ya kijiti cha ofu mahali mkono haufiki vizuri. Kila kitu kimetegwa kwa ajili ya mtu anayetaka sita ya pili.

Hapo ndipo pa kumtazama mpigaji. Wa kawaida bado anaangalia kule mpira ulikoenda. Akirudi kwenye mstari wake, mguu wa mbele umeshaanza kufunguka kabla mrushaji hajakimbia, na vidole vimelikaba gongo mpaka vifundo vimebadilika rangi. Ameshaamua. Mkubwa hajaamua chochote, lakini amehesabu. Ameona slipi pako wazi. Ameona midofu amerudi. Vidole vyake vya mkono wa chini vimelegea, na ukikaa karibu utaona gongo likicheza kidogo mkononi. Mpira mfupi ukija nje ya ofu, anaufungulia uso wa gongo kwa kuchelewa, nao unateleza pale pale slipi alipokuwa amesimama, mpaka kwenye kamba. Ukija mrefu na polepole, anaugusa kuelekea midofu na kuchukua mkimbio mmoja kwa kutembea. Makofi ni machache. Lakini nahodha ameshapata tabu. Itambidi amrudishe mtu wa slipi, longoni pafunguke, na sita ya pili itakuja ikiwa haina hatari yoyote.

Mzee wa Kigujarati aliyetufundisha kushika gongo alikuwa haangalii sita kabisa. Mpira ukiruka, uso wake ulikuwa upande wa nahodha wa wapinzani. Alikuwa akituambia, “Watoto wangu, mpira ulio hewani hauna habari. Habari iko kwa nahodha.” Tulidhani ni ukali wa uzee. Baadaye, tulipoanza kusimama sisi wenyewe mbele ya warushaji wenye akili, tukaelewa.

Kwa kipimo hicho, nimpime aliyetamba zaidi kwenye ardhi yetu. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi, aliyeandikwa kuwa na miaka 16, aliingia wa tatu kwa Pakistan dhidi ya Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka huo, akafika mia kwa mipira 37. Sita 11 na nne 6. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Sanath Jayasuriya, na Jayasuriya mwenyewe alikuwa miongoni mwa warushaji waliochapwa. Inasimuliwa kwamba gongo lile lilikuwa la Sachin Tendulkar, alilopewa na Waqar Younis. Rekodi ilidumu mpaka tarehe 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36. Hakuna mtu wa Gymkhana anayeweza kuisahau siku ile, wala haifai kusahauliwa. Lakini fuata maisha yake yote ya mechi za siku moja. Mechi zinakaribia 400, mara alizofika mia ni 6, na wastani haukufika 24. Kwa nini? Kwa sababu sita ya Afridi ilifuatwa na jaribio la sita. Manahodha walilijua hilo, wakaweka mtu longoni na kusubiri. Kama mrushaji wa legi-spini namheshimu sana, wiketi zake 395 si jambo dogo. Kama mpigaji, alikuwa na siku kubwa. Kati ya wapigaji wakubwa simweki.

Viv Richards namweka, na namweka juu kabisa. Tarehe 31 Mei 1984 pale Old Trafford, West Indies walikuwa 166 kwa wiketi 9 dhidi ya Uingereza. Aliyebaki kuja kupiga alikuwa Michael Holding. Wawili hao wakaongeza 106, Holding akichangia 12 tu, na Richards akatoka na 189 bila kutolewa. Anayetazama vipande vya video ataona mipira ikiruka kamba. Ninachokuomba uone ni mwisho wa kila ova. Walinzi wote wamesukumwa nyuma kumzuia asipige nne, nao wanasogea mbele mpira wa mwisho ili kumnyima mmoja, lakini bado anaendelea kubaki yeye upande wa kupiga. Hiyo ni hesabu inayofanywa na mtu ambaye bado anashambulia. Tena hakuwahi kuvaa helmeti mbele ya warushaji wa enzi ile.

Virender Sehwag wa India naye anapita, ingawa yeye alishambulia hata pale akili ilipokataa. Melbourne, Desemba 2003, alitolewa akiwa na 195 akitafuta sita. Miezi mitatu baadaye kule Multan alifika 300 kwa sita aliyompiga Saqlain Mushtaq. Kwa mechi za Testi, wastani unaozidi 49 kwa kasi ile unafunga mjadala.

Na Tikolo? Kandy, tarehe 6 Machi 1996, Sri Lanka walikuwa wamefunga 398, rekodi ya dunia wakati ule. Kenya haikuwa na njia ya kushinda, na kijana wa Nairobi akafunga 96 akiwashambulia watu waliokwenda kutwaa kombe. Mwaka mmoja baadaye kule Kuala Lumpur, katika fainali ya Kombe la ICC dhidi ya Bangladesh, Kenya ilifunga 241, na 147 kati yake zilikuwa za Tikolo. Tulipoteza mechi ile kwenye mpira wa mwisho. Lakini zamu yake ninayoipenda kuliko zote ni 29 za Pune, tarehe 29 Februari 1996, mbele ya warushaji Ambrose, Walsh na Bishop, siku West Indies walipotolewa kwa 93. Mtu akikuambia wastani wake wa 29 katika mechi za siku moja ni mdogo, muulize ni nani angepiga baada yake iwapo angetoka mapema.

Wapo pia wa kuepukwa. Kwenye ligi ya vilabu namkumbuka mpigaji aliyesifika kwa sita, ambaye kila mrushaji wa kasi alipoingia alikimbia mkimbio mmoja kwenye mpira wa kwanza, akajificha upande wa pili, mwenzake akala baunsa zote. Warushaji wa polepole walipoingia, akarudi kushiba. Mwingine alikuwa na rafiki kwenye meza ya alama. Mpira ukigonga pedi na kwenda zake, aliandikiwa yeye. Na kuna doa zito zaidi. Maurice Odumbe, mchezaji bora wa siku ile ya Pune, aliyefunga 83 tulipoifunga India kule Gwalior mwaka 1998, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa uhusiano usiofaa na mtu wa kamari. Alikuwa na gongo la kutisha, na linaniuma kuliandika hili. Mkubwa lazima awe msafi. Kwangu hilo halina mjadala.

Mengine pia siyajadili. Mshambuliaji mkubwa hupiga wima, kupita juu ya kichwa cha mrushaji, kabla ya kupiga kwa kuzungusha. Humfuata mrushaji wa spini kwa miguu. Asiyewahi kumpiga mrushaji wa kasi halisi hana kesi. Zamani, Jumapili za vilabu vya Swamibapa, Ruaraka na Simba Union, magongo yalikuwa membamba na mpira uliogusa ukingo ulidakwa. Sasa unavuka kamba. Hata walinzi wa sheria za mchezo waliona mambo yamezidi, wakauwekea ukingo mpaka wa milimita 40 mwaka 2017. Siku zile watu walikuwa wanakuja na familia, wanatazama ova zote. Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za siku moja mwaka 2014, na tangu hapo kijana wetu haoni wakubwa wa kujilinganisha nao karibu.

Kwa hiyo nina ombi kwa makatibu wa vilabu na kwa wale wanaokaa kwenye meza ya alama. Andikeni mpira kwa mpira, si jumla tu. Andikeni jina la mrushaji, na pembeni ya kila sita andikeni kilichofuata. Kisha litunzeni daftari mahali pasipovuja.