Mkazi wa Jiwe au Mgeni wa Mchimbaji

Kila anayedai kwamba ameona uhai mahali ambapo haukudhaniwa kuwapo hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: je, kiumbe huyo alikutwa pale, au alipelekwa na yule yule aliyekwenda kumtafuta? Swali hili ndilo lililowaelemea Edson Bastin na Frank Greer wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambao katika mwaka 1926 walitangaza kwamba maji yaliyopanda pamoja na mafuta kutoka visima virefu yalikuwa na bakteria wenye kuivunja salfeti. Hoja yao ilikuwa njema, lakini wengi waliikataa kwa kusema kwamba vijidudu wale waliingia kisimani pamoja na keekee na matope yake, nao hawakuwa na burhani ya kuiondoa shaka hiyo. Kwa hiyo, mtu atakaye kuipima kwa haki kazi iliyofanywa miaka 80 baadaye katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, karibu na Carletonville katika Afrika Kusini, asianze kwa kumstaajabia bakteria aliyeonekana. Aitazame kwanza namna shaka ile ya kale ilivyozingirwa pande zote mpaka ikakosa pa kutokea.

Mgodi, kwa dhahiri yake, ni mahali pabaya pa kutafutia usafi, kwa kuwa watu wengi hushuka humo na jasho lao, hewa hupulizwa kutoka juu, na maji ya kazi humwagwa kila pembe ili kupoza mawe na kutuliza vumbi. Lakini mgodi una fadhila ambayo kisima kilichotobolewa kutoka juu hakina: mtafiti amekwisha kufika kilomita 2.8 chini ya ardhi kabla hajashika keekee, na tundu lake lina safari fupi tu ndani ya jiwe kabla ya kuukuta ufa wenye maji. Maji ya ufa huo, yenye joto lipatalo nyuzi 60 za Selsiasi na tabia ya magadi, hutoka kwa nguvu ya mgandamizo, na maji yasukumayo nje hayaruhusu uchafu kuingia ndani, bali huuosha na kuutoa hata ule ulioachwa na keekee. Tullis Onstott wa Chuo Kikuu cha Princeton, na Li-Hung Lin pamoja na wenzao, waliitumia hali hiyo kwa tahadhari kubwa, wakaziba mdomo wa tundu ili hewa ya mgodini isiyaguse maji, wakayaacha yatiririke, kisha wakachukua sampuli si mara moja bali tena na tena. Aidha waliyachunguza maji ya kazi ya mgodi wenyewe, ili mgeni, kama yumo, ajulikane kwa sura yake.

Hata hivyo maji safi si lazima yawe maji ya kale, na hapa ndipo ilipohitajika elimu ya gesi adimu. Urani na thori zilizomo katika miamba huoza polepole na kuzaa heli, na potasi huzaa agoni, na gesi hizo, kwa kuwa haziungani na kitu, hubaki katika maji yaliyofungiwa na kuongezeka mwaka baada ya mwaka, kama masizi yanavyorundikana katika dari ya jiko, hata mwenye kuyapima unene akaweza kukisia umri wa nyumba. Hesabu ya gesi ilionyesha kwamba maji yale yalikuwa yametengana na uso wa dunia kwa mamilioni ya miaka. Mchimbaji wa jana hawezi kuutia umri huo katika maji.

Kisha ikaja hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, nayo ni ya chakula. Mionzi itokayo katika miamba huipasua molekuli ya maji. Upande mmoja hupatikana hidrojeni, na upande mwingine hupatikana vitu vikali kama vile peroksaidi ya hidrojeni, ambavyo huyala madini ya chuma na salfa yaitwayo pairiti na kuyageuza kuwa salfeti. Bakteria aliyekutwa katika maji ya ufa ule huishi kwa kuikutanisha hidrojeni na salfeti, akapata nguvu katika makutano hayo. Basi ule uozo wa urani, ambao kwa viumbe wengi ni hatari, ndio unaompa kuni na ndio unaompa hewa ya kuzichomea, na vyote viwili vilikutwa katika maji kwa kiasi cha kutosha kumkimu kwa mamilioni ya miaka, pasipo haja ya kitu chochote kilichotengenezwa na mmea kwa nuru ya jua. Viumbe wengi wa chini ya ardhi hula masalio ya uhai wa juu. Huyu ana riziki yake mbali na jua kabisa, na mgeni aliyedondoka juzi kutoka mkononi mwa mtu hangekuwa na maungo ya riziki ya namna hiyo.

Maungo hayo yalisomwa katika mwaka 2008, wakati Dylan Chivian na wenzake walipotangaza matokeo ya kuchuja lita 5,600 za maji yale na kuisoma DNA yote iliyonaswa katika chujio. Kwa kawaida DNA ya mahali huwa mchanganyiko wa viumbe wengi, na vipande vyake ni taabu kuvipatanisha. Hapa vipande viliungana vikawa jenomu moja kamili, kwa sababu zaidi ya asilimia 99.9 ya viumbe waliokuwamo katika maji hayo walikuwa wa aina moja, iliyopewa jina Desulforudis audaxviator. Ndani ya jenomu hiyo zilikutwa jeni za kuivunja salfeti, za kujipatia kaboni na nitrojeni bila msaada wa kiumbe mwingine, za kuogelea, na za kujifunga katika mbegu ngumu wakati wa shida. Uchafu wa binadamu huja kwa kabila nyingi. Kabila moja peke yake, lililokamilika kwa kila haja ya mahali pale, ni ushahidi wa ukaazi.

Lakini jambo halikuishia hapo. Watafiti wa Urusi walimpata bakteria huyo huyo katika maji yaliyo kilomita 2 chini ya ardhi ya Siberia, na katika mwaka 2019 wakaeleza namna walivyofaulu kumkuza katika maabara, mradi apewe chuma halisi. Yule aliyedhaniwa kukaa mamia ya miaka bila kugawanyika aligawanyika kila baada ya saa 28.5, jambo linaloonyesha kwamba uvivu wake wa chini ya ardhi ni wa ufukara wala si wa maumbile. La ajabu zaidi, jenomu yake ilitofautiana na ile ya Mponeng katika herufi zisizofika 800, ingawa mabara mawili yamelala kati yao. Ama mbegu zake husafiri angani na kutua mbali, ama mabadiliko yake ni ya polepole mno. Utafiti wa mwaka 2021, uliowalinganisha bakteria hawa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kaskazini, uliegemea rai ya pili, kwamba walitengana tangu mabara yalipoachana, kati ya miaka milioni 55 na milioni 165 iliyopita, na kwamba huenda chombo chao cha kunakili DNA hukosea kwa nadra sana. Mimi naiona rai hiyo kuwa na nguvu, lakini sijaiona bado kuwa yakini. Na kwa kuwa sasa kiumbe mwenyewe anakua katika chupa, makosa ya chombo hicho yanaweza kuhesabiwa mbele ya macho, kizazi baada ya kizazi.