Kinshasa na Nairobi: Umbali Mmoja, Saa Mbalimbali

Chukua ramani, weka ncha ya rula kwenye uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi. Pima kwenda N'djili, Kinshasa, kisha igeuze rula kuelekea Jomo Kenyatta, Nairobi. Urefu unakaribia kuwa ule ule. Kila ninapolisema hili hapa Panda, Likasi, watu hubisha, maana tiketi zao zinasema mengine.

Rula haitoshi, basi tupige hesabu. Luano iko digrii 11.59 kusini na 27.53 mashariki. N'djili ni 4.39 kusini na 15.45 mashariki. Kwa latitudo viwanja hivi vimetengana digrii 7.2, kwa longitudo 12.08. Digrii moja ya kaskazini na kusini ni kilomita 111. Ya mashariki na magharibi hupungua kadiri unavyoiacha Ikweta, na kwenye njia hii ni kama 110. Tunapata pembetatu yenye upande wa kilomita 799 na mwingine wa 1,329. Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 1,551. Fanya vivyo hivyo kwa Nairobi, utapata kama 1,540. Njia hii fupi inafaa kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Kwa safari ya Brussels lazima uhesabu mviringo wa dunia.

Sasa muda. Ndege ya jeti hukata kama kilomita 800 kwa saa ikiwa juu. Ongeza dakika za kupaa, kushuka na kutembea uwanjani, inakuwa kama saa mbili na dakika ishirini, uende magharibi au mashariki. Tuseme ndege zote mbili zinaondoka Luano saa nne asubuhi. Ya Kinshasa itaandikiwa kufika saa tano na dakika ishirini, ya Nairobi saa saba na dakika ishirini. Toa bila kufikiri, utaona saa moja na dakika ishirini huku, tatu na dakika ishirini kule. Kwa hesabu hiyo, ndege ya Kinshasa ingekwenda zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa, mwendo wa kuishinda sauti kule juu!

Kosa liko kwenye saa ya ukutani. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, Nairobi iko mbele kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo. Ndani ya Kongo yenyewe tuna saa mbili tofauti; jambo hili linastahili kufundishwa shuleni.

Kwetu Panda kuna kipande ambacho tiketi haikitaji kabisa: barabara ya Likasi hadi Lubumbashi, kilomita kama 120, pamoja na malori ya shaba. Mara nyingi hula saa mbili au zaidi, karibu sawa na safari nzima ya angani. Kwa hiyo, ndugu msafiri, geuza kwanza saa zote ziwe za Lubumbashi, kisha ongeza barabara, ndipo ujue safari nzima itakula muda gani; lakini mwenyeji wako mwambie aje kukupokea kwa saa ya kwake, ile iliyoandikwa kwenye tiketi.