Mageuzi na Mageuko

Maneno haya mawili hutumiwa siku hizi kana kwamba ni neno moja lenye miisho miwili. Katika masomo ya viumbe mmoja husema mageuzi, mwingine mageuko, na mwalimu hufuata lile alilolikuta. Nadhani desturi hii ina hasara. Kijana mmoja wa hapa Msanzi, alipofundishwa “mageuzi ya viumbe,” aliuliza mara, “Aliyewageuza ni nani?” Hakuuliza kwa ujinga. Alilisikia neno vema kuliko sisi tuliomfundisha.

Na tutazame asili yake. Shina ni moja, geu, lile lililomo katika kigeugeu. Lakini kugeuza kwataka mtendaji na mtendwa. Kugeuka kwatosheka na kitu chenyewe. Mageuzi limejengwa kama mapinduzi litokalo katika kupindua, na nyuma yake yuko mtu mwenye nia. Mageuko limejengwa kama mabadiliko litokalo katika kubadilika. Halimtaji mtendaji, wala halimkani. Ndiyo maana katika mambo ya utawala mageuzi lafaa sana. Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, watu walilitumia kwa haki, na chama cha NCCR-Mageuzi kinalo katika jina lake; maana sheria hazijigeuzi zenyewe.

Asiyesadiki tofauti hii na aende shambani kwetu Ufipa, mvua zikaribiapo kwisha, atazame kazi ya ntumba. Mkulima hukata udongo pamoja na majani yake, akaugeuza, majani yakakaa ndani, akafanya tuta la mviringo. Hayo ni mageuzi, na jembe ni shahidi. Juu ya tuta huweza kupandwa maharage. Lakini ndani majani huoza kidogo kidogo, yakageuka kuwa rutuba, pasipo mkono wa mtu kuyagusa. Hayo ni mageuko. Mvua za mwaka wa pili zijapo, tuta hubomolewa, udongo ukatandazwa, ulezi ukapandwa. Tuta ni moja, na maneno mawili yana kazi yake kila moja.

Wako watakaonijibu kuwa kugeuka nako hakuna maana ya polepole, kwa kuwa katika hadithi mtu hugeuka nyoka kwa kufumba na kufumbua. Wasema kweli, wala sitaki kulificha jambo hilo. Neno mageuko laonyesha kwamba kitu chageuka. Halionyeshi muda wake. Lakini hata neno la Kilatini evolutio, ambalo mataifa ya Ulaya wamelichukua, halikuwa na muda ndani yake. Maana yake ya kwanza ni kukunjua, kama mtu akunjuavyo gombo ili asome. Charles Darwin mwenyewe, katika chapa ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1859, hakulitumia jina hilo. Alichagua kusema habari za uzao unaoshuka pamoja na kubadilika. Jina lenyewe liliingia katika chapa ya sita, mwaka 1872. Maana ya polepole ililetwa na mafundisho, si na shina la neno.

Basi shauri langu ni hili. Palipo mtu atendaye, tuseme mageuzi, kinapogeuka kitu chenyewe, tuseme mageuko, na panapohitajiwa kuonyesha muda, tusione haya kuongeza “ya kidogo kidogo” au “ya kizazi kwa kizazi.” Mwanafunzi akitaka kuuliza habari za mtendaji, na aulize, ni swali kubwa, nalo lastahili saa yake. Lakini lisizaliwe na kosa la mwalimu katika kuchagua neno.