Nyaraka, Kumbukumbu na Kavazi: Tahakiki ya Istilahi za Utafiti wa Hifadhi za Taifa

Miongoni mwa fani ambazo istilahi zake hazijatulia katika Kiswahili ni fani ya uhifadhi wa nyaraka. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa shughuli yenyewe si ngeni kwetu. Sheria za hifadhi za nyaraka za taifa zilitungwa Tanzania na Kenya mwaka mmoja, yaani 1965, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967. Hifadhi na lugha ya Taifa zimekua pamoja kama watoto wa rika moja. Hata hivyo, kila moja imekwenda njia yake, na leo mtu akitaka kueleza kwa Kiswahili fasaha kazi ya mtaalamu anayeongoza utafiti wa mikusanyo ya kihistoria katika hifadhi ya taifa, atakuta kwamba karibu kila neno katika maelezo hayo lina mushkili. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo moja baada ya jingine, na kupendekeza yale yanayoelekea kufaa.

Tuanze na jozi ya kumbukumbu na nyaraka. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002 iliyaweka maneno haya mawili bega kwa bega, na idara inayohusika ikaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Huko Zanzibar maneno ni yale yale, ila mpangilio umegeuzwa: Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Maana iliyokusudiwa ni moja pande zote mbili. Kumbukumbu ni maandishi ya ofisi yangali katika matumizi, au yamekwisha kutumika lakini hayajaamuliwa yatupwe au yatunzwe. Nyaraka ni yale machache yaliyochaguliwa kutunzwa daima. Tofauti hii ni ya msingi katika fani, na yafaa isifiwe, kwa sababu lugha nyingi zilizoendelea hutumia neno moja kwa mambo yote mawili.

Lakini je, mwananchi wa kawaida anaijua tofauti hiyo? Hapana, wala si kosa lake. Kwake yeye waraka ni barua nzito inayotoka juu, kama vile waraka wa mtume katika Biblia au waraka wa utumishi unaotumwa maofisini. Akisikia "nyaraka za serikali" hudhani ni maagizo yanayotakiwa kutekelezwa, ilhali mhifadhi anamaanisha majalada ambayo hayamwagizi mtu jambo lolote tena. Kumbukumbu nalo ni neno lenye kazi nyingi. Ni yale yaliyomo kichwani mwa mtu, ni siku ya kumkumbuka marehemu, ni muhtasari wa mkutano, na ni karatasi zilizomo masijala. Mstaafu anayefuatilia barua yake ya kwanza ya ajira huambiwa aende "kumbukumbu", akafika mahali pasipohusika. Jalada lake bado limo masijala ya wizara yake, halijafika katika hifadhi yoyote. Istilahi iliyolegea imemgharimu nauli na siku nzima ya kazi.

Kasoro ya pili ya neno nyaraka ni kwamba linaifunga fani katika karatasi. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, katika mradi ulioongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Yaliyosemwa na wazee wale ni nyaraka au siyo? Kwa maana ya kawaida ya neno waraka, siyo. Kwa maana ya fani, ndiyo, kwa kuwa yalichukuliwa kwa utaratibu, yakaandikwa, na yanastahili kutunzwa daima. Vivyo hivyo picha, ramani na kanda za sauti. Ni lazima basi tukubaliane waziwazi kwamba katika fani hii waraka ni chochote kilichobeba habari na kikachaguliwa kutunzwa, kiwe kimeandikwa, kimechorwa au kimesemwa. Neno likishapewa maana hiyo rasmi, hapana haja ya kulitafutia mbadala.

Neno la tatu ni makavazi. Nchini Kenya neno hili limeenea, nalo lina sifa moja kubwa: linataja mahali, jambo ambalo nyaraka na kumbukumbu haziwezi kulifanya bila ya kusaidiwa na jumba, hifadhi au idara. Bahati mbaya, magazeti hulitumia kwa jumba la nyaraka na aghalabu pia kwa jumba la makumbusho, hata msomaji akabaki hajui kama ameambiwa akaone majalada au akaone mafuvu ya watu wa kale. Tanzania imeepukana na utata huo kwa kushikilia makumbusho, lakini neno kavazi halikuwa geni hapa: Kavazi la Mwalimu Nyerere mjini Dar es Salaam limelitumia kwa maana ifaayo hasa, yaani mahali pa kutunza na kusomea maandishi. Hapa pana nafasi ya nchi hizi mbili kupatana. Makumbusho yabaki kuwa mahali pa kuonyesha vitu, na kavazi liwe mahali pa kutunza nyaraka.

Tukija kwenye neno mkusanyo, tunakutana na tatizo la ndani zaidi. Kwanza, lisichanganywe na makusanyo, ambalo limekwisha kuchukuliwa na maofisa wa kodi. Pili, mkusanyo ni kitu kilichokusanywa na mtu kwa hiari yake. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu, hati na kazi za sanaa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya hazina hiyo sasa imo katika hifadhi ya taifa jijini Nairobi. Huo ni mkusanyo kwa haki yake. Lakini majalada ya serikali ya Wajerumani yaliyomo Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, hayakukusanywa na mtu. Yaliongezeka yenyewe siku kwa siku, kadiri makarani walivyopokea barua na kuzijibu. Kiswahili kina neno kwa kitu cha namna hiyo, nalo ni limbiko. Tangu mwaka 1841 wahifadhi wa Ufaransa wamefuata kanuni kwamba karatasi zilizotokana na ofisi moja zikae pamoja, zisitawanywe kwa kufuata mada, kwa kuwa kila karatasi hupata maana kutokana na jirani zake. Kanuni hiyo ni vigumu kuieleza kwa neno mkusanyo, kwani kilichokusanywa chaweza kukusanywa upya kwa mpango mwingine. Kwa neno limbiko hueleweka mara moja: anayelichakura limbiko ameliharibu.

Kuhusu "ya kihistoria" tutasema kwa ufupi. Matumizi ya siku hizi yamelipa neno hilo maana ya jambo kubwa la kusifika, kama vile ushindi wa kihistoria au ziara ya kihistoria. Mkusanyo wa kihistoria basi waweza kufahamika kuwa mkusanyo wa fahari. Daftari la kodi ya kichwa la wilaya moja halina fahari yoyote, lakini kwa mtafiti lina thamani kuliko hotuba nyingi. Yatosha kusema malimbiko ya historia, au, panapohitajika uhakika zaidi, malimbiko ya zamani.

Sasa tufike kwenye kiini cha tahakiki hii, yaani utafiti wa malimbiko. Kihusishi hiki kidogo, -a, kinaficha kazi mbili tofauti. Kuna utafiti unaofanywa ndani ya limbiko, ambapo mwanachuo huja kutafuta habari za kilimo cha pamba au za njia ya reli, akishaipata huenda zake. Kuna pia utafiti juu ya limbiko lenyewe: lilitoka ofisi gani, nani alilipanga, limepita mikono ya nani, na kipi kilichokuwamo ambacho sasa hakimo. Utafiti wa kwanza ni wa wageni wa kavazi. Wa pili ni wa wenyeji wake, na ndio anaopaswa kuuongoza mkuu wa utafiti. Tunapendekeza huu wa pili uitwe utafiti wa chimbuko, ili usimezwe na ule wa kwanza katika bajeti na katika miundo ya utumishi.

Kwamba jambo hili si la maneno matupu linathibitishwa na kesi iliyounguruma London. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliotiwa kizuizini na kuteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipokuwa wakiidai fidia serikali ya Uingereza, ilibainika kwamba serikali hiyo ilikuwa imeficha mahali paitwapo Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikuwa ameagiza kwamba serikali mpya zisirithishwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Baadhi zikasafirishwa, nyingine zikateketezwa. Kenya ilikuwa imekwisha kuomba irudishiwe zake, isirudishiwe. Majalada yalianza kufunguliwa kwa wasomaji mwaka 2012, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Watafiti wengi walikuwa wamesoma ndani ya malimbiko ya Nairobi na London kwa miaka. Kilichowafaa wazee wale mahakamani ni maarifa juu ya malimbiko: kujua kwamba palikuwa na pengo, na kuuliza nani alilifanya.

Na hapa Kiswahili kinaweza kuifundisha fani kitu. Waingereza wameyapa majalada hayo jina ambalo, likitafsiriwa neno kwa neno, huwa "nyaraka zilizohama". Mfasiri aliyelewa haraka ya kazi hulipokea hivyo hivyo. Lakini nani amepata kuona karatasi ikihama? Ndege huhama, na mtu huhama kwa miguu yake. Karatasi huhamishwa. Mnyambuliko wa vitenzi vyetu hauruhusu jambo hili kupita kimya kimya: hama, hamisha, hamishwa. Anayesema "zilizohamishwa" amekiri kwamba yupo aliyehamisha, na msikilizaji ana haki ya kumwuliza jina lake. Vivyo hivyo kwa zile nyingine. Majalada hayakuungua, yalichomwa. Katika orodha ya kavazi, herufi mbili tatu za mnyambuliko ndizo zinazotenganisha ajali na amri. Kwa maoni yetu, kuruhusu tafsiri ya "zilizohama" katika chapisho lolote rasmi ni kosa la istilahi, na pia ni kosa la historia.

Linafuata suala la lugha ya orodha zenyewe. Mwongozo mkubwa wa nyaraka za Kijerumani za Dar es Salaam ulichapishwa Marburg mwaka 1973, nao haukuwa wa Kiswahili. Hatuipunguzii thamani kazi ile, ambayo imewafaa watafiti wengi. Tunalosema ni kwamba mjukuu wa aliyepigana vita vya Majimaji hulazimika kupita katika lugha mbili za kigeni ili afike kwenye habari za babu yake. La ajabu ni kwamba ndani ya Kijerumani kile cha kiofisi Kiswahili kimejaa tele. Akida, jumbe, liwali na boma wamo. Hata shauri limo, likiwa limeandikwa Schauri, kwa maana ya kikao cha kusikiliza madai. Maneno haya hayahitaji kufasiriwa. Yanahitaji kurudishiwa tahajia yake tu.

Pagumu zaidi ni pale hati inapotaja tendo kwa jina la upande mmoja. Kwa Wajerumani yaliyotokea 1905 yalikuwa Aufstand, yaani uasi. Kwetu ni vita. Mwandishi wa orodha afanyeje? Wako wanaotaka jina la zamani lifutwe. Hatukubaliani nao, kwa sababu jina ambalo ofisi ililiandika juu ya jalada ni sehemu ya ushahidi, na kulifuta ni kufanya kwa mkono wetu jambo lile lile tunalolilaumu kwa wengine. Njia iliyo sawa ni kuliacha jina la jalada kama lilivyo, kwa lugha yake, na chini yake kuweka kidahizo cha Kiswahili: Vita vya Majimaji. Msomaji ataingia kwa mlango wa vita, na akifika ndani ataona wenyewe walikuwa wakiitaje.

Mwisho, neno kuongoza. Cheo cha kigeni hufasiriwa upesi, na mara kiongozi wa utafiti huwa ni mtu wa kutia sahihi vibali vya wasomaji. Kazi tuliyoieleza hapo juu ni kubwa kuliko hiyo. Ni kuamua limbiko lipi liorodheshwe kwanza na kwa lugha gani, kusoma mapengo, kuwafundisha vijana hati za Kiarabu na mwandiko wa Kijerumani wa zamani, na kufuatilia vilivyochukuliwa. Jina Mkuu wa Utafiti wa Chimbuko litamkumbusha mwenye cheo, na yule anayempa fedha, kazi hiyo ni ipi.

Kwa muhtasari, tunapendekeza kumbukumbu zibaki kwa maandishi ya ofisi yasiyoamuliwa bado, nyaraka kwa yaliyochaguliwa kutunzwa daima bila kujali umbo lake, kavazi kwa mahali, masijala kwa ofisi ya majalada yangali katika matumizi, mkusanyo kwa kilichokusanywa kwa hiari, limbiko kwa kilichozaliwa na kazi, na chimbuko kwa asili ya kila kimoja. Hakuna neno hata moja hapa lililobuniwa upya. Yote yamo vinywani mwa watu. Linalotakiwa ni mabaraza ya lugha ya nchi zetu kukaa pamoja na wahifadhi wenyewe, kuyatolea maana moja, na kuyaandika juu ya milango ambayo wananchi huingilia.