Wapagazi Chini ya Nyayo

Uhakiki wetu wa sanaa una mazoea ya kutazama juu. Picha ikitundikwa ukutani tunaisogelea, tunarudi nyuma hatua mbili, kisha tunatoa maoni. Picha hiyohiyo ikitandikwa sakafuni, tunapita. Nionavyo mimi, kitu cha kukanyagwa nacho kina aliyekifikiri na kukihangaikia, na kinastahili kupimwa kwa mizani yake. Ninataka kulipima turubai moja lililopakwa rangi, ambalo limekuwa sebuleni kwangu hapa Lusu kwa misimu miwili ya mvua.

Aliyelipaka ni kijana jirani yangu, mwandika mabango ya maduka. Sanaa yenyewe asili yake si huku. Katika karne ya 18, huko Uingereza na Marekani, wengi wasioweza kununua marumaru walitandika kitambaa kizito kilichopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, kisha kikachorwa vigae vya uongo. Baada ya Frederick Walton kuanza kutengeneza linoliamu Uingereza katika miaka ya 1860, kazi hiyo ilififia, ingawa wako mafundi walioifufua baadaye.

Kwa upande wa ufundi, kijana huyu sina la kumlaumu. Alichagua turubai la pamba, si lile la plastiki ambalo rangi hubanduka. Alilipaka rangi ya kwanza kabla ya kupima na kuchora, kwa kuwa kitambaa kikiloa hunywea. Kingo alizikunja na kuzibana kwa gundi, maana mshono huinuka na kumkwaza mtu. Juu ya picha alipitisha vanishi mara tatu, kila mara akingoja ile ya chini ikauke sawasawa.

Kulitunza si kazi kubwa. Ninalifagia, kisha ninalipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, sabuni ikiwa kidogo tu. Likihamishwa huviringishwa, uso wenye rangi ukiwa nje. Ukilikunja kama shuka, rangi hupasuka kwenye mkunjo, na ufa ule hauna dawa. Sakafu yangu ni ya saruji. Mwenye sakafu ya udongo nisingemshauri alinunue, kwa sababu unyevu hupanda na kukiozesha kitambaa kutoka chini.

Sasa tuje kwenye picha. Pembeni pote amezungusha pambo la pembetatu nyekundu, nyeusi na kijani, kwa mfano wa mkeka wa ukindu. Katikati ameweka msafara: wanaume kumi na mmoja wamefuatana, wengine na pembe za ndovu begani, wengine na mizigo kichwani, na miembe ya Tabora nyuma yao. Nyuso amezichora vizuri, kila mtu na uchovu wake.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Watu wale ni babu zetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kati ya pwani na Unyanyembe. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni. Katika kitabu chake anaeleza kwamba matajiri wa Kiarabu wa Tabora walikuwa na mazulia ya Kiajemi majumbani mwao. Mazulia hayo hayakuja kwa miguu yake yenyewe. Yalikuja vichwani mwa watu kama hawa kumi na mmoja, na leo waliobeba zulia tumewafanya zulia.

Nilimweleza hivyo. Akanijibu, “Lakini Mzee, si ndiyo historia yetu?” Nikamwambia, “Ndiyo, mwanangu. Kwa sababu hiyohiyo nisingependa niipangusie miguu.”

Mtu anaweza kusema huo ni wivu wa kizee, kwamba rangi ni rangi. Basi tuiache heshima kando, tuangalie kazi yenyewe. Picha ya watu ina juu na chini, sakafu haina. Anayeingia kwa mlango wa mbele anauona msafara wima. Anayetoka jikoni anauona umepinduliwa. Tena, miguu imekwisha kutoa hukumu. Wapagazi wawili walio karibu na mlango wamefutika, mmoja jicho, mwingine kinywa. Pambo la pembeni limechubuka vilevile pale mlangoni, lakini huoni hasara. Pembetatu iliyopoteza ncha husaidiwa na mwenzake, kwa sababu jicho linajua kinachofuata. Uso uliopoteza jicho hausaidiwi na yeyote.

Hili wasukaji wa mikeka walilijua zamani. Ukindu hutiwa rangi kabla ya kusukwa, kwa hiyo ua haliko juu ya mkeka, bali ndani yake. Mashupatu yakishaunganishwa, mkeka hauna kichwa wala miguu. Kaa upande wowote, utauona sawa. Kijana wetu amefuata njia nyingine, ile aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ya rangi ya mafuta juu ya ubao. Ni njia njema, lakini ni ya ukutani. Kuishusha sakafuni bila kuibadili ni kama kuvaa kofia mguuni.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi kwamba turubai hili ni msala upitao, wala kwamba kijana arudi kwenye ukindu asioujua. Ninasema ameushika mkeka pembeni, akauacha katikati. Najua ushauri wangu una gharama. Wateja wa mjini wanamwagiza misafara na tembo, na hakuna aliyemwagiza pembetatu. Yeye ana watoto wa kulisha. Hata hivyo, pambo lile la pembeni ndiyo kazi yake bora kuliko zote nilizoziona. Alitandaze mpaka katikati, naye atakuwa ameanzisha kitu ambacho si cha Uingereza wala si cha watalii. Nimemwagiza la pili kwa masharti hayo, na malipo ya awali nimeshampa. Wale kumi na mmoja awachoree ubaoni. Wamesimama vya kutosha. Sasa wasimame ukutani, tuwatazame usoni.