Klachi Isiyoonekana

Mjini Unguja husikika gari la otomatiki likielezwa kuwa ni "gari lisilo na klachi". Maelezo haya yanamfaa dereva, lakini yanampotosha mtu anayeifungua giaboksi ya gari kuukuu uani kwake, Mji Mkongwe. Kisichokuwepo ni pedali tu. Hydra-Matic, iliyotolewa na General Motors mwaka 1939, ilikuwa na sahani za klachi ndani, zikibanwa kwa nguvu ya mafuta. Sahani zikichakaa, gia huteleza. Asiyejua kuwa zimo atabadilisha mafuta bure. Kwa hiyo twapendekeza istilahi "giaboksi otomatiki", na fasili yake iseme: "giaboksi isiyo na pedali ya klachi". Istilahi haina budi kumtumikia fundi na dereva sawia.