Kawia Ufike: Malumbano ya Washairi Katika Zama za Simu

Ushairi wa Kiswahili haukuanza leo kuwa majibizano. Muyaka bin Haji aliwajibu wapinzani wa Mombasa kwa tungo, na huko Pemba, Kamange na Sarahani walishindana hata ushindani wao ukawa sehemu ya historia ya kisiwa. Anayedai kwamba simu ndiyo iliyowaletea malenga ubishi hajaisoma kale yake. Kilichoingia ni haraka, na haraka hiyo inawachosha watunzi na wasomaji wao.

Malumbano ya kale yalikuwa na pumzi. Shairi lilighaniwa, likahifadhiwa moyoni, likarudiwa barazani. Aliyetakiwa kujibu alikuwa na nafasi ya kutafuta vina na kuipima hoja. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Takriban nusu karne baadaye Mwalimu Sikujua alimsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya tungo zake, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Karne nzima ya kungoja haikuziua.

Leo shairi hutumwa katika kundi la WhatsApp, na jawabu hutakiwa kabla chai haijapoa. Tangu Novemba 2014, alama mbili za buluu humjulisha mtumaji kuwa ujumbe wake umesomwa. Basi kunyamaza, ambako zamani kulikuwa kutafakari, sasa huhesabiwa dharau. Juu ya hilo kuna hesabu ya vidole gumba: beti saba zilizopikwa zikaiva huambulia vitatu, utani wa mstari mmoja ukavuna arubaini. Mtunzi hulala na hesabu hiyo kichwani, na asubuhi huandika kitakachopendwa upesi. Athari yake huonekana katika tungo zenyewe: mizani imetimia, vina vimepangika, lakini kituo ni methali iliyochakaa na hoja haivuki ubeti wa pili.

Kuchoka huku si uvivu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 143. Waliojiwekea dakika kumi tu kwa siku kwa kila mmoja wa mitandao ya Facebook, Instagram na Snapchat, kwa majuma matatu, walipungukiwa na upweke na huzuni kuliko wenzao walioendelea kama kawaida. Utafiti huo ni mdogo, na wa vijana wa kwao. Hata hivyo unagusa jambo ambalo malenga wengi wanalijua: mtu aweza kuzungukwa na sauti mia na bado akakosa wa kumsikiliza.

Haifai kuyalaani makundi hayo. Yamempa nafasi mwanamke ambaye hangekaa kwenye baraza la wanaume, na aliyeko Maskati au London ambaye baraza limemwia mbali. Kinachohitajika ni adabu mpya. Katika mazungumzo ya wawili alama ya buluu huweza kuzimwa. Kundini haizimiki, kwa hiyo dawa yake ni mapatano: shairi la Jumatatu lijibiwe Ijumaa, na asiye na la kusema asiulizwe. Mshairi anayenyimwa haki ya kunyamaza atachoka, kisha ataacha kutunga, na hasara hiyo hakuna hesabu ya vidole gumba itakayoionyesha.